Denitreta ya kujitengenezea: kazi yote iko kwenye matone

Denitreta ni chombo cha bakteria kinachoondoa nitrati, zao la mwisho la uchafu wa samaki, kwenye maji ya tangi la samaki. Kabla ya kukata bomba, shika kalamu. Tangi la lita 200 ambalo nitrati yake hupanda miligramu 10 kwa lita kila wiki linazalisha gramu 2 za nitrati kwa wiki, yaani karibu miligramu 286 kwa siku. Ukibadilisha robo ya maji kila wiki kwa maji yasiyo na nitrati hata chembe, kiwango hakishuki hadi sifuri. Kinatulia kwenye 40 kabla ya kubadilisha maji na 30 baada ya kubadilisha, wiki nenda wiki rudi. Na kama maji ya bomba yenyewe yana 20, dari hiyo inapanda kutoka 40 hadi 60. Si jambo la ajabu, kwa kuwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unakubali hadi miligramu 50 kwa lita kwenye maji ya kunywa. Mwenye tangi la namna hiyo atabeba ndoo mwaka mzima bila kuiona 20.

Namba zote hapa ni za nitrati yenyewe. Vipimo vingine huandika nitrojeni iliyomo ndani ya nitrati tu. Hivyo zidisha kwa 4.43 kwanza. Kosa hili dogo huwafanya watu wawili wenye matangi yanayofanana wabishane siku nzima.

Chujio la kawaida haliwezi kuondoa nitrati, kwa sababu nitrati ndiyo mwisho wa kazi yake: bakteria wanaopenda oksijeni hugeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, basi. Kinachotakiwa ni kundi jingine, wakiwemo wa jamii za Pseudomonas na Paracoccus. Hawa hupumua oksijeni ikiwepo, na ikikosekana huikwanyua kutoka kwenye nitrati. Mwisho wake ni gesi ya nitrojeni inayopanda zake hewani. Lakini njia hiyo ina vituo, na kituo cha kwanza ni nitriti, ambayo ni sumu kwa samaki kuliko nitrati tuliyokusudia kuiondoa. Denitreta iliyofanya kazi nusu ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Kwa hiyo chombo hiki kinatakiwa kifanye mambo matatu kwa pamoja: kimalize oksijeni, kiwape bakteria chakula, na kiwape muda wa kufika kituo cha mwisho. Muda unapangwa na kasi ya matone, na ndiyo sababu nayatilia mkazo kuliko kitu kingine chochote.

Mwili wa chombo ni bomba la PVC la milimita 110, urefu wa sentimita 60. Chini gundisha kifuniko cha kudumu. Juu weka kifuniko cha kufungua kwa nyuzi chenye oringi ya mpira. Ujazo wake ni kama lita 5. Ndani yake kinasimama kiini: bomba la milimita 50 lenye urefu wa sentimita 55, lililotobolewa matundu ya milimita 8 kila sentimita 3, pande zote. Juu ya kiini hicho zungusha mita 30 za mpira laini wa hewa, ule wenye tundu la milimita 4 na unene wa nje wa milimita 6. Tabaka la kwanza, mizunguko 90 iliyobanana, litameza karibu mita 16. Zilizobaki zinarudi juu yake kama tabaka la pili. Mpira ukiwa mgumu, uloweke kwenye maji ya moto dakika chache, utatii. Funga kwa vibano vya plastiki kila baada ya mizunguko 20 na hakikisha haujajikunja popote, kwa sababu mkunjo mmoja utakusumbua miezi sita baadaye, utando wa bakteria utakapoujaza.

Usitumie mpira wa silikoni. Unapendeza, unapinda vizuri, na ndiyo makosa ya kawaida kuliko yote. Silikoni hupitisha oksijeni kirahisi mno. Koili, yaani mpira huo uliozungushwa, ikiwa ni mita 30 za silikoni inaingiza hewa njia nzima huku wewe ukisubiri bakteria waimalize. PVC laini nayo hupitisha, ila kidogo sana.

Maji yanaingia kupitia kifuniko cha juu, yanazunguka ndani ya koili yakishuka, na yanatokea chini kabisa ya bomba. Kutoka hapo yanapanda polepole katikati ya pete za kauri au mawe ya volkano ya sentimita 1 hadi 2, makao ya bakteria, ndani ya kiini na nje yake, hadi mdomo wa kutokea ulio sehemu ya juu kabisa ya kifuniko. Mpangilio huu wa chini kwenda juu una sababu: gesi ya nitrojeni itajitengeneza humo kila siku, na isipopata njia ya kupanda na kutoka itakusanyika kama puto na kuyazuia maji. Usijaze mchanga laini. Baada ya wiki chache huganda, maji hutafuta mwanya mmoja wa kupita, na pande zilizobaki huoza.

Toboa kifuniko matundu matatu, si mawili. La tatu ni la mpira mfupi unaokwenda moja kwa moja hadi chini ya bomba, wenye koki ndogo juu, na hapo ndipo chakula kitaingizwa kwa sirinji. Wanaopitisha chakula kwenye koili huziba koili yenyewe kwa ute, na kuzibua mita 30 za tundu la milimita 4 ni kazi ya kukatisha tamaa.

Viungo vya nyuzi vizungushie utepe mweupe wa mafundi bomba. Gundi ikishakauka, jaza maji, funga, na kiache chombo kisimame ndani ya beseni kavu saa 24. Tone moja linalovuja nje lina maana mbili: sakafu italoa, na siku presha ikishuka hewa itaingia kwa njia hiyo hiyo.

Kuhusu kulisha maji, huhitaji pampu kubwa. Kwa kasi ya mililita 3 kwa dakika msuguano wa mita 30 za mpira huu unakula kimo cha sentimita mbili au tatu tu. Chombo kikiwa chini ya tangi, mpira wa kuvuta kwa mkondo unatosha. Mdomo wa kuvuta uvalishe sponji na uutumbukize sentimita 5 tu chini ya uso wa maji. Siku kiungo kitakapoachia, tangi litapoteza sentimita hizo 5, si maji yote.

Koki ya kupimia kasi iweke upande wa kutokea, ili chombo kizima kiwe kimejaa na kina presha kidogo. Kifaa kizuri kuliko koki nyingi za bomba ni seti mpya ya dripu ya hospitali, yenye kikombe cha kuonyesha matone na gurudumu la kubana mpira. Seti za kawaida za watu wazima hutoa matone 20 kwa mililita, na kwa kawaida huandikwa kwenye pakiti. Tone moja kwa sekunde ni mililita 3 kwa dakika, au lita 4.3 kwa siku. Hiyo ndiyo kasi ya kuanzia. Gurudumu hilo huhamahama lenyewe na ute hulipunguza, kwa hiyo hesabu matone kwa dakika nzima kila asubuhi. Mwenye uwezo wa kupata pampu ndogo ya kubana mpira, ile inayotumika kudondosha dawa kwa kipimo, anaepuka usumbufu huu wote.

Kwa kasi hiyo maji hukaa ndani ya koili karibu saa mbili, na oksijeni inaishia humo. Kwenye pete hukaa saa 12 au zaidi. Ni muda mwingi, lakini bakteria bado hawajafika. Siku za mwanzo maji yanayotoka yatakuwa na nitrati sawa na ya tangi, na hakuna la kufanya ila kusubiri. Bila mbegu ya bakteria, wiki 4 hadi 8 ni kawaida. Ukimimina kikombe cha maji machafu ya kukamua sponji ya chujio la zamani, safari inafupika.

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu, kwa sababu wanapima nitrati peke yake. Vipimo vingi vya rangi hugeuza kwanza nitrati kuwa nitriti, kisha hupaka rangi nitriti hiyo. Kwa hiyo nitriti yoyote iliyokuwemo tangu mwanzo nayo inahesabiwa. Wiki ya tatu, denitreta inapoanza kazi, mtu hupima maji yanayotoka na kukuta nitrati iko juu kuliko ya tangi. Anachanganyikiwa, anafungua koki, anaingiza oksijeni, anarudi mwanzo. Kumbe zilikuwa dalili njema. Pima nitriti kwanza kila mara, na ikiwepo, usiamini namba ya nitrati. Na zile chupa za kipimo zenye unga wa metali uliotuama chini zitikise nusu dakika kamili, la sivyo utasoma sifuri ya uongo.

Maji yanayotoka yanajieleza hivi. Nitrati ipo na nitriti hakuna: bado kuna oksijeni ndani, au bakteria bado wachache; punguza kasi kidogo au subiri. Nitriti ipo: kazi imeanza ila chakula hakitoshi au maji yanapita mbio. Zote mbili sifuri na maji hayana harufu: umefika. Zote mbili sifuri na maji yananuka yai viza: umepitiliza. Nitrati imekwisha, na bakteria wengine wameanza kula salfati na kutoa haidrojeni salfaidi, sumu kali kwa samaki hata ikiwa kidogo sana. Matangi ya maji ya bahari yako hatarini zaidi, kwa kuwa kila lita ya maji ya bahari imebeba karibu gramu 2.7 za salfati. Dawa ya yai viza ni kuongeza kasi kwa theluthi moja, kusimamisha chakula siku mbili, na kuelekeza matone kwenye ndoo mpaka harufu iishe. Usifungue kifuniko ili kupitisha hewa. Utaua kundi ulilolilea mwezi mzima.

Katika majuma haya ya kujenga, maji yanayotoka yaende kwenye chujio la kawaida lenye hewa nyingi, yasiende moja kwa moja kwa samaki. Nitriti kidogo iliyobaki itageuzwa tena kuwa nitrati hapo, na maji yaliyokosa oksijeni yatapata pumzi. Tabia hii endelea nayo hata chombo kikikomaa, na acha matone yaanguke kutoka juu kidogo ili yavute hewa.

Sasa rudi kwenye kalamu. Zote mbili zikikaa sifuri wiki nzima, ongeza kasi kwa robo, ngoja siku nne, pima, ongeza tena. Usiiongeze maradufu kwa mara moja. Kwa nini uongeze? Lita 4.3 kwa siku kutoka kwenye tangi lenye 40 zinaondoa miligramu 172, ilhali tangi linazalisha 286. Denitreta inafanya kazi barabara na bado nitrati haishuki! Ukifika mililita 5 kwa dakika, matone 100, zinapita lita 7.2 na zinaondoa 288. Hapo ndipo 40 inasimama bila ndoo. Lakini ukitaka tangi likae kwenye 20, kila lita inayopita imebeba nusu tu ya mzigo, kwa hiyo unahitaji mililita 10 kwa dakika. Kadiri maji yanavyokuwa masafi ndivyo matone yanavyotakiwa kuwa mengi, na kila tone la ziada linaleta oksijeni yake. Hii ndiyo sababu chombo kidogo kinafika mahali kinagota, na siyo kwamba kimeharibika. Kubadilisha maji kunasaidia sehemu iliyobaki, na hakukomi hata hivyo, kwa ajili ya madini na uchafu mwingine ambao denitreta haiugusi.

Chakula. Uchafu uliomo kwenye maji ya tangi hulisha bakteria wachache, na denitreta ya koili isiyolishwa hufanya kazi, ila kwa matone machache tu. Ukitaka kasi ya maana, lisha. Alkoholi ya kunywa isiyo na sukari wala ladha, yaani vodka ya asilimia 40, ndiyo rahisi kupima. Mililita 1 ina kama gramu 0.32 za ethanoli. Hesabu yake ni hii: kila lita inaleta miligramu 8 hivi za oksijeni, ambazo zinakula miligramu 4 za ethanoli, na miligramu 40 za nitrati, ambazo zinakula 12 na ushei. Jumla 16. Bakteria nao wanajenga miili yao, kwa hiyo ongeza nusu yake: karibu 25 kwa lita. Kwa lita 7.2 kwa siku ni miligramu 180, yaani mililita 0.6 hivi za vodka. Nusu mililita na kidogo kwa tangi zima la lita 200! Watu wanaotia kijiko kizima ndio hao wanaopata ute mweupe kama uji kwenye mdomo wa kutokea.

Usianze na 0.6. Anza na 0.2 kwa siku, iliyochanganywa na mililita 10 za maji, nusu asubuhi na nusu jioni, kwa kuwa kwa kasi ya mililita 5 kwa dakika maji yote ya ndani huondoka na kuingia mengine ndani ya saa nane hivi na dozi moja ya asubuhi haitafika usiku. Ongeza 0.1 kila wiki mpaka nitriti ipotee, usimame hapo. Ukiongeza kasi ya matone, ongeza na chakula kwa uwiano ule ule. Ukipunguza kasi, kipunguze siku hiyo hiyo. Sukari ya mezani nayo inafaa, ila inahitajika karibu mara mbili ya uzito wa ethanoli na inaleta ute zaidi. Spiriti ya kuwashia au ya kusafishia usiiguse kabisa, kwa sababu huchanganywa na methanoli na vitu vingine ili isinyweke. Na kama tangi lina kichujio kikali cha kuondoa fosfati, jua kwamba bakteria hawa wanahitaji fosforasi kukua. Ikiwa imekwisha, wanagoma hata ukiwajazia chakula.

Njia ya salfa iko tofauti na inawafaa zaidi wa maji ya bahari. Badala ya pete unaweka punje za salfa safi, kama asilimia 1 ya ujazo wa tangi, na bakteria kama Sulfurimonas denitrificans hula punje hizo bila kuhitaji alkoholi. Zinazalisha asidi, kwa hiyo maji yakitoka hupitishwa kwenye bomba la pili lenye vipande vya matumbawe au chokaa. Kila gramu ya nitrati inaacha takriban gramu 1.7 za salfati. Kwa bahari hilo si kitu. Kwa tangi la maji baridi la mfano wetu ni miligramu 17 kwa lita kila wiki, na kwa samaki wa maji mepesi, yaani yenye madini machache, nisingeichagua.

Umeme ukikatika au mpira ukiziba, chombo kinageuka hatari kimyakimya. Maji yaliyonaswa ndani yanamaliza nitrati yake kwa saa chache, kisha yanaanza kuzalisha yai viza. Ukirudi na kukuta matone yamesimama zaidi ya nusu siku, usiyawashe kuelekea kwenye tangi. Mwaga lita 5 za kwanza kwenye ndoo, nusa, pima, ndipo urudishe mpira mahali pake. Chakula kisiingizwe siku ambayo matone hayatiririki, hata kama ni ratiba.

Kukifungua chombo kwa ajili ya usafi ni jambo la mwisho, si la kila mwezi. Sababu moja inatosha: umefungua koki yote na matone bado hayafiki kasi, na umekwisha safisha sponji ya kuvutia na kubadilisha mpira wa kutokea, ambao ndio huziba mara nyingi. Hapo toa nusu tu ya pete, zitikise kwenye ndoo ya maji ya tangi, si ya bomba yenye klorini, rudisha, na usiiguse koili. Pete zenye weusi wa madoa ni za pembe ambazo maji hayakuwa yakipita; zipange upya zisibanane hapo. Rudi kwenye tone moja kwa sekunde, chakula nusu ya kipimo cha awali, na upime nitriti kila siku kwa wiki ya kwanza kana kwamba chombo ni kipya.